UZI: Pampu za mkono na wazimamoto wa kujitolea wa karne ya 19. Ukifuata mzizi wa kila jambo lao unafika kwenye maji

#1 Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nimeuweka kiporo tangu kiangazi. Leo nina siku mbili za mapumziko kazini, ngoja niushushe. Utakuwa mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Nipo Massachusetts, Marekani. Mwezi wa nane mzee mmoja ninayefanya naye zamu za usiku alinichukua hadi uwanja wa mji mdogo, akaniambia leo utaona babu wa babu yangu alikuwa anafanya nini moto ukiwaka. Katikati ya nyasi kulikuwa na kitu kama sanduku kubwa la mbao juu ya magurudumu manne. Jekundu, lina nakshi za rangi ya dhahabu, shaba yake imesuguliwa hadi unajiona sura. Kila upande wa sanduku kulikuwa na boriti ndefu ya kushikwa na watu wengi kwa pamoja.

Nikapewa nafasi ya nne kutoka mwisho. Foromani akapanda juu ya sanduku, akainua mkono. Alipoushusha, na sisi tukashusha boriti hadi usawa wa magoti. Ya wenzetu wa ng'ambo ikapanda juu ya vichwa vyao. Kisha zamu yao. Chini, juu, chini, juu. Dakika ya kwanza nilifurahi. Dakika ya pili mabega yakaanza kuwaka. Foromani alipoongeza kasi ndipo nikaelewa kwamba pale hakuna kupumzika hata ukitaka, maana ukilegea boriti haikusubiri, inapanda na wewe au inakupiga kidevu. Nilirudi nyumbani viganja vimejaa malengelenge, na usiku ule ule nikaanza kusoma.

Sasa niseme kwa nini jambo hili limenishika. Nikiwa darasa la tano, nyumba ya jirani yetu iliungua. Watu tulikuwa wengi kupita kiasi. Ndoo zilikuwepo. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji membamba kama uzi, ndoo moja unahesabu hadi mia ndiyo ijae. Tukamwaga mapipa ya majirani, yakaisha, tukabaki tumesimama tunaangalia. Baadaye watu walilaumiana sana, huyu mwoga, yule hakujituma. Mimi mpaka leo nakumbuka ule uzi wa maji.

Nilipoanza kuwasoma hawa wazimamoto wa karne ya 19 nikakuta jambo lile lile kila mahali. Sifa zao, magomvi yao, hata namna walivyokuja kuondolewa, ukifuatilia unafika kwenye maji: nani anayaleta, kwa njia gani, na nani ana haki ya kusimama kwenye chanzo. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza humu.

#2 Chumbageni

Nianze na mashine yenyewe, maana bila kuielewa mengine yote yataonekana vituko.

Ndani ya lile sanduku mna silinda mbili zilizosimama wima, kila moja na pistoni yake. Boriti zimeungwa na wenzo mmoja katikati, kama pembea ya watoto: upande huu ukishuka, pistoni moja inasukuma maji na ya pili inavuta. Ukipanda, zinabadilishana. Pampu ya namna hii si ya juzi. Ctesibius wa Alexandria, kule Misri, anatajwa kuwa aliibuni karne ya 3 kabla ya Kristo.

Uzuri umo katikati ya silinda hizo. Pana chungu cha shaba kilichofunikwa, ndani yake mna hewa. Maji kutoka silinda zote mbili yanaingia humo kwanza, yanaibana ile hewa juu, na hewa nayo inayasukuma yatoke. Bila chungu hicho, maji yangetoka kwa kurukaruka, pwaa, pwaa, kila pigo. Kikiwepo, yanatoka mfululizo, na mshika mpira wa maji anaweza kulenga dirisha la ghorofa ya pili akalipata.

Richard Newsham wa London alipata hataza ya mashine ya aina hii mwaka 1721, na miaka kumi baadaye New York ikaagiza mbili kwake. Marekani nayo ikaja kuwa na mafundi wake: William Hunneman kule Roxbury karibu na Boston, aliyejifunza kazi ya shaba kwa Paul Revere, James Smith wa New York, John Agnew wa Philadelphia. Karakana ya Hunneman ilitengeneza mashine zaidi ya 700. Kila mji ulikuwa na mtindo wake, na ubishi wa mtindo upi ni bora haukuisha.

Sasa hesabu, kwa wanaopenda hesabu. Mashine ya kawaida ya London enzi za James Braidwood (huyu nitamrudia) ilikuwa na silinda mbili za upana wa inchi 7, pigo lake inchi 8. Kwa mapigo 40 kwa dakika inatoa karibu lita 400. Yaani ndoo zetu zile za lita 20, ndoo 20 kila dakika, bila kukoma. Mnaona tatizo linapoanzia?

#3 Fundi Mabomba

Mkuu umenigusa kwenye fani. Hiyo mashine inatoa maji, sawa. Yanaingiaje? Lita 400 kwa dakika kwa enzi zile wanazitoa wapi?

#4 Chumbageni

Fundi, hilo ndilo swali lenyewe.

Mwanzoni yaliingia kwa ndoo. Watu wanapanga mistari miwili kutoka kisimani au mtoni hadi kwenye mashine. Mstari mmoja unapitisha ndoo zilizojaa, wa pili unarudisha tupu. Ndoo zilikuwa za ngozi, zimeshonwa kama kiatu, na katika miji mingi ya Marekani mwenye nyumba alitakiwa kuwa nazo zimetundikwa tayari, zimeandikwa jina lake. Tuseme moja inabeba lita 10. Kulisha mashine ile ya lita 400 unahitaji kumwaga ndoo 40 kila dakika, na hapo hesabu maji yanayomwagika njiani usiku kwenye matope. Kwa hiyo mashine ya watu ishirini au thelathini ilikuwa inategemea mstari wa watu mia. Mstari ukikatika, wale wanaosukuma wanasukuma hewa.

Ukombozi wa kwanza ulikuwa mpira wa maji, na mpira nao ulikuwa wa ngozi. Jan van der Heyden, mchoraji wa picha wa Amsterdam aliyekuwa pia msimamizi wa zimamoto wa jiji, ndiye aliyeuleta yeye na ndugu yake miaka ya 1670. Shida ilikuwa mshono. Ngozi iliyoshonwa kwa uzi ukiisukumia maji kwa nguvu inapasuka. Ikabidi wasubiri hadi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mafundi wa Philadelphia, Sellers na Pennock, walipoanza kuifunga ngozi kwa ribiti za shaba badala ya kushona. Hapo mpira ukaweza kuhimili. Ulikuwa mzito, kipande cha futi 50 kinapita kilo 35, na baada ya kila moto lazima uoshwe, ukaushwe na kupakwa mafuta ya wanyama, la sivyo unakakamaa na kuvunjika. Vijana walijiunga kwa ajili ya kukimbia na mashine wakajikuta kazi yao kubwa ni kupaka mpira mafuta.

Baada ya hapo zikaja mashine zinazonyonya zenyewe. Unatumbukiza mpira mgumu mtoni, pampu inavuta. Mistari ya ndoo ikaanza kufa.

Ila nguvu ya mikono haifikishi maji mbali. Moto ukiwa mitaa mitano kutoka mtoni, unafanyaje? Unapanga mashine kwa mfululizo. Ya kwanza inakaa ukingoni, inanyonya na kusukuma hadi kwenye tangi la ya pili. Ya pili inalisha ya tatu. Ya mwisho ndiyo inayopiga moto. Na hapa ndipo ushindani ulipoingia damuni. Wa nyuma wakisukuma kuliko wa mbele wanavyoweza kuyatoa, tangi la mbele linafurika, maji yanamwagika ubavuni kwenye ile rangi na nakshi, mbele ya mtaa mzima. Wenyewe walisema mashine hiyo "imeoshwa". Na wa mbele wakiwa na nguvu zaidi, wanalikausha tangi na wa nyuma wanaumbuka. Kasi ya kawaida ilikuwa mapigo kama 60 kwa dakika, lakini watu wakikataa kuoshwa walifika hata 120, wakawa wanapokezana kila baada ya dakika chache kwa sababu hakuna mwili unaoweza kuendelea.

Nimeshika ile boriti kwa kasi ndogo tu, tena mchana, bila moshi. Mapigo 120 siyafikirii.

#5 Nyota ya Asubuhi

Uzi mtamu huu. Nipe mfano wa moto mmoja ambapo huo mfululizo ulitumika kweli.

#6 Chumbageni

New York, usiku wa tarehe 16 Desemba 1835.

Moto ulianzia kwenye ghala maeneo ya karibu na Wall Street, sehemu ya wafanyabiashara. Baridi ilikuwa karibu nyuzi 27 chini ya sifuri, na upepo mkali. Wazimamoto wote wa jiji walikuwa wa kujitolea, na siku mbili kabla walikuwa wamepigana na mioto mingine, wamechoka. Visima na matangi vimeganda. Wakakimbilia East River, wakakuta nao umeganda. Wakachukua mashoka wakapasua barafu hadi wakayapata maji.

Mashine moja waliiteremsha kwenye sitaha ya jahazi lililofungwa gatini, ikanyonya kupitia tundu kwenye barafu, ikalisha ya pili, ya pili ikalisha ya tatu, mfululizo niliousema. Lakini maji yaliganda ndani ya mipira. Mipira ikawa migumu kama magogo, na kila anayesimamisha pigo kupumzika anahatarisha pampu yenyewe kuganda. Maji machache yaliyofika yalichukuliwa na upepo yakarudi usoni mwao kama mvua ya mawe.

Mwishoni wakakosa maji kabisa, wakaleta baruti. Wakalipua majengo kwenye njia ya moto ili ukose cha kula, wanajeshi wa majini wakisaidia, na hapo ndipo ulipozuiwa. Wazimamoto wa Philadelphia kama 400 walikuja kuwasaidia. Majengo karibu 700 yaliteketea, hasara ikahesabiwa dola milioni 20, na kampuni nyingi za bima za jiji zikafilisika kwa usiku ule.

Kitu kimoja kilichotokana nao: mradi wa kuleta maji kutoka mto Croton, ambao jiji lilikuwa limeshaupitisha mwaka ule ule, haukuwa tena wa kubishaniwa. Maji ya Croton yalifika mjini mwaka 1842.

#7 Mama Wawili

Kaka, watu wanapasua barafu usiku, walikuwa wanalipwa kiasi gani? Na wanawake walikuwa wapi?

#8 Chumbageni

Dada, Marekani hawakulipwa. Walikuwa mafundi seremala, wahunzi, wauza nyama, makarani, wafanyabiashara. Kengele ikilia mtu anaacha randa mezani anakimbia. Mashine zilivutwa kwa kamba na watu wenyewe, farasi walikuja baadaye. Mfano walioiga ni wa Benjamin Franklin, aliyeanzisha Union Fire Company kule Philadelphia Desemba 1736: watu 30, kila mmoja na ndoo zake za ngozi, na mifuko imara na vikapu vya kuokolea mali. Kwa karne ya 19, walichopata New York ni kusamehewa utumishi wa mgambo na wa baraza la mahakama (raia wanaoitwa kusaidia kuamua kesi), na heshima mtaani. Heshima ile ilikuwa kubwa. Kofia ngumu ya ngozi yenye namba mbele ilikuwa inatosha.

London ilikuwa tofauti na ni vizuri tusichanganye. Kule kampuni za bima ndizo zilizoweka vikosi, na mwaka 1833 zikaviunganisha kuwa kimoja chini ya James Braidwood. Mshika mpira alikuwa mtumishi wa mshahara, lakini wale wa kusukuma boriti walichukuliwa papo hapo barabarani: shilingi moja saa ya kwanza, peni sita kila saa inayofuata, na bia. Bia ikichelewa, walisimamisha boriti na kuiitisha kwa wimbo.

Braidwood anastahili uzi wake peke yake. Alipewa kikosi cha Edinburgh mwaka 1824 akiwa na miaka 24 tu, na wiki chache baadaye mji ule ukapata moto mkubwa kuliko yote katika historia yake. Alichukua mafundi wa kuezeka, maseremala na waashi kwa sababu wanaijua nyumba, wanajua sakafu ipi itabeba mtu, na akawafundisha kuingia ndani kuukaribia moto badala ya kumwaga maji kutoka barabarani. Maji kidogo yaliyofika mahali pake yanashinda maji mengi yanayopiga ukuta. Alifia kazini, London, Tooley Street, tarehe 22 Juni 1861. Ukuta wa ghala ulimwangukia alipokuwa akizunguka kuwatia moyo watu wake.

Wanawake: kwenye mistari ya ndoo walikuwepo tangu mwanzo, mara nyingi upande wa kurudisha ndoo tupu. Na New York kuna habari iliyohifadhiwa na wazimamoto wenyewe ya Molly Williams, mwanamke Mweusi aliyekuwa mtumwa wa mfanyabiashara mmoja wa kikosi cha Oceanus namba 11. Inasimuliwa kwamba katika dhoruba ya theluji ya mwaka 1818, wanaume wengi wakiwa wagonjwa, yeye alishika kamba akaivuta mashine pamoja na wachache waliokuwepo, amevaa gauni la kitambaa cha pamba na aproni.

Na mwaka huo huo wa 1818, Philadelphia, watu Weusi walianzisha chama chao cha zimamoto, African Fire Association. Vikosi vya Wazungu vilikutana kukipinga, na viongozi wa jamii ile wakaona ni salama zaidi kukivunja kabla hakijazima moto hata mmoja. Watu wanaomba ruhusa ya kubeba maji bure kuokoa mji wao, wanakataliwa. Nililisoma hilo nikaweka simu chini nikatoka nje kidogo.

#9 Mtu wa Kisumu

Niingilie kidogo. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akituambia tukizurura usiku tutachukuliwa na wazimamoto, wanaonyonya damu za watoto. Enzi za mkoloni hiyo habari ilikuwa imeenea Kenya, Uganda na Tanganyika. Watu waliogopa gari jekundu kuliko moto wenyewe. Sasa nasoma huku Marekani mzimamoto ni shujaa wa mtaa. Ajabu.

#10 Chumbageni

Ahsante sana kwa hilo, ndugu. Hata Tanga wazee waliyajua hayo, na mumiani pia.

Mimi nalielewa hivi. Kwetu zimamoto lilikuja likiwa tayari ni la serikali ya mkoloni. Watu wenye sare, gari limefungwa, mipira na ndoo ambazo hakuna mwenyeji aliyewahi kuzishika, wanalinda bandari na majumba ya wakubwa. Usiku wanakwenda wapi, wamebeba nini? Mtu hawezi kuuliza. Kule New York mwaka 1830 mzimamoto alikuwa muuza nyama wako. Mashine ilikaa kwenye kibanda mwisho wa mtaa wenu, watoto wanaisugua shaba, na jina lake unalijua kama unavyojua jina la jirani. Chombo kile kile, maji yale yale.

#11 Fundi Mabomba

Turudi kwenye magomvi uliyoyataja. Nasikia walikuwa wanapigana wao kwa wao nyumba inaungua?

#12 Chumbageni

Ni kweli, na sitawatetea kwa hilo.

Mabomba ya maji yalipochimbiwa mitaani na kuwekewa sehemu za kuchotea, chanzo kikawa kimoja na vikosi vinavyokitaka ni vitatu au vinne. Anayefika kwanza ndiye anayekaa nacho, na aliye kwenye chanzo ndiye mwenye sifa. Kwa hiyo vikosi vikaanza kutanguliza mtu mbio na pipa tupu: analifunika bomba kwa pipa, analikalia, na anasubiri mashine ya kwao. Wa kikosi kingine akitaka bomba, lazima amtoe mtu juu ya pipa. Basi ngumi.

Cincinnati mwaka 1851 vikosi viwili viligombana kwenye moto wa kiwanda cha mbao, vingine vikajiunga, hata watu wa Covington ng'ambo ya mto wakavuka kuingia vitani, na kiwanda kikaungua hadi chini. Boston, Juni 1837, kikosi kilichokuwa kikirudi kutoka motoni kilikutana na msafara wa mazishi wa Waairishi kwenye Broad Street. Ikaanza ghasia iliyovunja nyumba za mtaa mzima wa Waairishi hadi askari wakaja. Pale hapakuwa na maji ya kugombea, ilikuwa chuki ya wenyeji kwa wageni maskini, lakini kikosi kilichozoea kupigania bomba kina mikono tayari. Mwaka ule ule Boston ikaanzisha idara mpya ya watu wanaolipwa.

Na siasa zikaingia. Watu 50 wanaoitikia sauti ya foromani mmoja ni mtaji wakati wa uchaguzi. William Tweed, yule aliyekuja kulikamua jiji la New York, alianzia umaarufu wake akiwa foromani wa kikosi namba 6.

Kilichomaliza yote ni mvuke. Wahandisi Braithwaite na Ericsson waliunda pampu ya mvuke ya kuzima moto London mwaka 1829. Kwenye moto wa Argyll Rooms mwaka uliofuata, katika baridi kali, zile za mkono ziliganda na ya mvuke ikaendelea kwa saa tano. Kumbukeni hilo mkirudi kwenye usiku ule wa New York, miaka mitano baadaye. Chombo kilikuwepo duniani tayari, na bado watu walikuwa wanapasua barafu kwa mashoka na kusukuma kwa mikono.

Cincinnati, baada ya aibu ya kiwanda, ndiyo ilichukua hatua. Mashine ya mvuke ya fundi Latta, waliyoiita Uncle Joe Ross, ilionyeshwa tarehe 1 Januari 1853. Nzito mno, inahitaji farasi wanne. Lakini ilisukuma maji bila kuchoka, na tarehe 1 Aprili mwaka ule jiji likaanza na kikosi cha kulipwa. Hesabu ni nyepesi: mashine ya mkono inataka watu hamsini, ya mvuke inataka wachache na farasi. Wachache unaweza kuwalipa. Ukiwalipa, unaweza kuwafukuza wakipigana. New York ikafuata mwaka 1865, Philadelphia mwaka 1871.

#13 Nyota ya Asubuhi

Kwa maelezo hayo mimi naona walikuwa genge tu. Mvuke uliwaokoa wananchi kutoka kwa wahuni wenye kofia.

#14 Chumbageni

Hapo sikubaliani nawe, na nitasema kwa nini.

Kwa zaidi ya miaka mia moja miji ile ilikuwa ya mbao, inapika kwa kuni, inawasha mishumaa na mafuta ya nyangumi, na haikuwa tayari kumlipa mtu hata senti kuilinda. Waliofanya kazi hiyo walifanya bure, usiku, na wengi walikufa chini ya kuta. Magomvi yalikua pale jiji lilipokuwa kubwa na chanzo cha maji kikabaki bila msimamizi. Ukiweka bomba moja na vikosi vinne, bila mtu mmoja mwenye kauli juu ya wote, unategemea nini? Edinburgh mwaka 1824 hapakuwa na vita ya ngumi, na bado moto ulikula mji kwa sababu kila mkubwa alikuwa akitoa amri yake.

Tazama tena mwaka 1861. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, wazimamoto wa New York walijaza kikosi kizima cha jeshi, cha kanali Ellsworth. Wakiwa wamepiga kambi Washington, tarehe 9 Mei jengo lililopakana na hoteli ya Willard lilishika moto, na ni wao walioenda kuuzima, wakipanda migongoni mwa wenzao kufika juu kwa kukosa ngazi za kutosha.

Na Boston, Novemba 1872. Idara ina mashine za mvuke, ina mishahara. Kukaja homa ya farasi iliyolaza farasi karibu wa nchi nzima. Moto mkubwa ukazuka katikati ya mji, na zile mashine za mvuke, nzito kama mnavyozijua, zikavutwa kwa kamba na watu. Waliokuwepo walizijua kamba zile.

#15 Mama Wawili

Kaka, je kujitolea ndiyo kulikufa hapo? Na zile mashine zenyewe zilienda wapi?

#16 Chumbageni

Kujitolea hakukufa, dada. Hata leo wazimamoto wengi wa Marekani ni wa kujitolea, hasa miji midogo na vijijini. Ujerumani nako vikosi vya kujitolea vilienea baada ya kile cha Durlach, kilichoanzishwa mwaka 1846 kwa mashine ya Carl Metz, kuonyesha kazi yake kwenye moto wa ukumbi wa maonyesho Karlsruhe Februari 1847. Na Chile ndiyo inayonishangaza zaidi. Valparaíso waliunda kikosi chao mwaka 1851 baada ya moto wa Desemba iliyotangulia. Santiago wakaunda chao Desemba 1863, siku chache baada ya kanisa la Compañía kuungua na watu zaidi ya 2,000 kufia ndani, wengi wanawake. Mpaka leo nchi nzima ya Chile inalindwa na wazimamoto wasiolipwa.

Mashine zilizoachwa na miji mikubwa ziliuzwa kwa miji midogo, nayo ikazitumia miongo mingi. Zikichakaa zinaingia stoo. Huku New England wazee waliozitumia zamani hawakuvumilia kuziona zinaoza, wakaunda ligi yao ya mashindano mwaka 1890, na ligi hiyo bado ipo. Ndiyo iliyonipeleka uwanjani.

Sikuwaambia mashindano yanapimwaje. Hakuna moto. Tangi linajazwa, mpira unatandikwa, mshika mpira anapanda jukwaani na mdomo wa shaba mkononi. Mbele yake, mbali kule, wanatandaza karatasi ndefu chini, kama mkeka wa kuanikia mpunga. Mshika mpira anasubiri upepo utulie au ugeuke upande wake, na kwa muda huo wote wa boriti wanasukuma taratibu. Akiashiria, foromani anapiga kelele na watu wanatoa kila walichonacho kwa sekunde chache. Maji yanapaa, yanavunjika angani, mengi yanakuwa ukungu. Kisha waamuzi wanaingia na futi kamba, wameinama, wanatafuta juu ya karatasi tone lililofika mbali kuliko yote.

Letu walilipata pembeni kabisa mwa karatasi. Tone moja, dogo kuliko senti. Yule mzee wangu, miaka 70 na kitu, alikwenda akapiga goti pale akaliangalia mpaka lilipokauka.